Kioo cha Wapumbavu



Katika somo la mwezi huu twataka kutazama pamoja jambo ambalo kwanza laweza kuonekana kuwa la mchezo tu, yaani jinsi wachoraji na waandishi wa Ulaya, yapata miaka mia tano iliyopita, walivyouonyesha upumbavu wa wanadamu kwa picha na kwa dhihaka. Huenda mtu atauliza, Yatufaa nini kuzitazama picha za wapumbavu? Je! hatuwaoni wa kutosha kila siku njiani na sokoni? Naam, twawaona, lakini tuwaonao ni wengine sikuzote. Wale walioifanya kazi hii vizuri hawakutaka tumwone jirani, bali walitaka tujione wenyewe. Hilo ndilo neno moja la somo hili, na msomaji alishike tangu mwanzo, kama mtu ashikavyo taa akiingia katika nyumba ya giza.

1. MPUMBAVU NI NANI?

Kwanza na tuyatenganishe maneno. Mjinga ni mtu asiyejua. Akifundishwa, ujinga wake huisha, ndiyo maana wazee husema, Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Tena mtu mwenye ugonjwa wa akili ni mgonjwa. Yampasa atunzwe kama wagonjwa wengine, wala asichekwe, kwa maana hujafa hujaumbika. Mpumbavu ni mwingine. Yeye ajua, au angeweza kujua kama angetaka, lakini hafuati ayajuayo. Njia aiona, naye aingia mwituni kwa miguu yake mwenyewe.

Watu wa Ulaya ya kale hawakuyatenganisha mambo haya sikuzote. Katika majumba ya wafalme na wakuu walikaa watu walioitwa wapumbavu wa baraza. Wengine wao walikuwa vilema, au watu wenye akili pungufu, waliowekwa ili wachekwe wakati wa karamu. Na hilo leo twaliona kuwa ni ukatili. Lakini wengine walikuwa werevu kabisa, waliojifanya wapumbavu, nao wakiwa chini ya kivuli cha mzaha waliweza kumwambia mfalme maneno ambayo mawaziri wake waliogopa kuyasema. Wasomaji wazijuao hadithi za Abunuwasi watamtambua mtu wa namna hii mara moja.

Vazi lao lilijulikana na wote. Walivaa kofia yenye masikio marefu kama ya punda, na juu yake njuga ndogo zilizolia kila walipotikisa kichwa. Na mkononi walishika fimbo fupi yenye kichwa cha mtu kilichochongwa nchani. Vazi hilo wachoraji walilitwaa, wakawavika nalo watu ambao hawakuwa wapumbavu wa baraza hata kidogo: wafanya biashara, wenye mashamba, waganga, mahakimu, waalimu, wanawake kwa wanaume. Mchoraji akimtia mtu kofia ya njuga, hakuhitaji kuandika neno lolote. Kila atazamaye alifahamu.

2. MERIKEBU YA SEBASTIAN BRANT

Katika mwaka wa 1494, siku za shangwe zitanguliazo mfungo wa Kwaresima, kitabu kimoja kilipigwa chapa katika mji wa Basel, ambao leo u katika nchi ya Uswisi. Jina lake ni Merikebu ya Wapumbavu. Mwandishi wake aliitwa Sebastian Brant, mwenyeji wa mji wa Strasbourg, mwalimu wa sheria katika chuo kikuu cha Basel. Wataalamu wa siku zile waliandika vitabu vyao kwa Kilatini, lakini Brant aliandika hiki kwa Kijerumani, ili hata watu wasiosoma Kilatini wakifahamu. Na kwa ajili ya wale wasiojua kusoma kabisa, alitia picha zaidi ya mia. Picha hizo zilichongwa katika mbao, mbao zikapakwa wino, zikakandamizwa juu ya karatasi. Nyingi katika hizo zadhaniwa kuwa kazi ya Albrecht Dürer, aliyekuwa bado kijana, naye baadaye akawa mchoraji mkuu wa Ujerumani.

Habari ya kitabu ni hii. Merikebu yatengenezwa ili kuwachukua wapumbavu wote kwenda katika nchi yao, iitwayo Narragonia. Abiria ni wengi mno hata hawatoshi chomboni. Basi katika sura 112 mwandishi awaleta mbele yetu mmoja mmoja: mwenye choyo, mlevi, mwenye wivu, mzazi asiyewarudi watoto wake, mtu anayejenga nyumba bila kuhesabu gharama, mtu anayeshitaki kila siku barazani, mtu anayetaka kuichukua dunia nzima mgongoni mwake. Mifano mingi aliichukua katika Mithali na Mhubiri, na mingine katika vitabu vya Wayunani na Warumi.

Kitabu hiki kilienea kwa upesi wa ajabu. Katika mwaka wa 1497 Jakob Locher alikifasiri kwa Kilatini, hata kikasomwa katika nchi nyingi. Na katika mwaka wa 1509 kikatoka kwa Kiingereza. Mhubiri mmoja mkuu, Johann Geiler wa Kaysersberg, alikitumia katika mimbari ya kanisa kubwa la Strasbourg katika miaka ya 1498 na 1499, akihubiri juu ya wapumbavu wale mmoja baada ya mwingine, na kuzihesabu njuga za kila mmoja wao. Fikiri jambo hili: kitabu cha mzaha kikawa chanzo cha mahubiri. Watu walikuja kucheka, wakarudi nyumbani kimya.

Na tuzitazame sura tatu za kitabu hicho.

Ya kwanza ni ya yule mwenye vitabu vingi. Amekaa mezani, miwani machoni, kofia ya njuga kichwani, vitabu vimemzunguka pande zote. Naye mkononi ana kipangusio cha manyoya, awafukuza nzi wasitue juu ya vitabu vyake. Avipenda, avipangusa, awaonyesha wageni. Lakini yaliyomo ndani hayajui. Sasa uliza, kwa nini Brant alimweka huyu kuwa wa kwanza katika merikebu, mbele ya mlevi na mbele ya mwizi? Kwa kuwa Brant mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu. Alipotafuta mpumbavu wa kutangulia wengine wote, hakwenda mbali. Alimtafuta katika chumba chake mwenyewe.

Ya pili ni ya mtu aahirishaye kutubu. Pamoja naye wako kunguru, nao wanalia kama ilivyo desturi yao. Katika Kilatini neno kras maana yake ni kesho, na sauti ya kunguru yafanana na neno hilo. Basi kila kunguru alialo ni kesho, kesho, kesho. Na mpumbavu aitikia vivyo hivyo. Ataacha pombe, ila kesho. Atapatana na ndugu yake, ila kesho. Sisi nasi twajua ya kuwa ngojangoja huumiza matumbo, lakini je! ni wangapi kati yetu wasiofuga kunguru mmoja darini mwao?

Ya tatu ni ya mtu anayekimbia kwenda kuzima moto katika nyumba ya mwenziwe, huku nyuma nyumba yake mwenyewe inateketea. Mtu huyu si mvivu. Ana bidii nyingi, na jasho lamtoka. Watu wamwonao wamsifu kwa ukarimu wake. Upumbavu wake ni kwamba hajageuza kichwa kutazama nyuma. Sura hii yapasa kusomwa polepole na kila mtu ambaye kazi yake ni kuwaongoza wengine.

Hata karibu na mwisho wa kitabu Brant aomba radhi. Akiri ya kuwa yeye naye ana upumbavu mwingi, wala kofia ya njuga haimtoki upesi kama apendavyo. Kwa hiyo kitabu kinaanza na mpumbavu aliye mfano wa mwandishi, na kinapokaribia kwisha mwandishi mwenyewe amesimama kati ya abiria. Katika dibaji akiita kitabu chake kioo cha wapumbavu. Na kioo, ndugu msomaji, hakimwonyeshi mtu jirani yake. Chamwonyesha yeye aliyekishika.

3. PICHA ZA HIERONYMUS BOSCH

Siku zile zile, katika mji wa 's-Hertogenbosch huko Uholanzi, aliishi mchoraji Hieronymus Bosch, aliyefariki mwaka wa 1516. Naye alichora merikebu ya wapumbavu. Picha hiyo i katika jumba la Louvre mjini Paris, nayo ni kipande tu cha picha iliyokuwa kubwa zaidi. Chombo chake ni kidogo, mlingoti ni mti wenye majani, wala hakuna anayeshika usukani. Katikati wamekaa mtawa mwanamume na mtawa mwanamke. Wanaimba, na kati yao linaning'inia andazi la duara. Mmoja apanda na kisu kukata nyama ya ndege iliyofungwa mlingotini. Mwingine ainama ubavuni mwa chombo, anatapika.

Lakini tazama mahali alipowekwa yule aliyevaa kofia ya njuga. Yeye amekaa peke yake pembeni, amewapa wengine mgongo, anakunywa kikombe chake taratibu. Mpumbavu wa kazi ndiye aliyetulia. Wanaofanya upumbavu ni wale ambao kwa mavazi yao wangepaswa kuwa mfano kwa watu. Mchoraji amegeuza mambo, ili tujifunze kutomtafuta mpumbavu kwa vazi lake.

Kuna na picha nyingine, iliyo katika jumba la Prado mjini Madrid, ihesabiwayo kuwa ya Bosch au ya watu wa karakana yake. Mtu mmoja amekaa kitini, na mganga ampasua kichwa ili kulitoa jiwe la upumbavu. Maana watu walisema kwa mzaha ya kuwa upumbavu ni jiwe lililo ndani ya kichwa. Mganga amevaa faneli ya kutilia mafuta kichwani kama kofia. Mtawa asimama karibu na chupa mkononi. Mwanamke atazama, naye ameweka kitabu juu ya kichwa chake, hakufungua. Basi nani mpumbavu hapo? Mgonjwa, aliyekubali kupasuliwa ili apone kwa mara moja jambo lisiloponywa kwa kisu? Mganga, anayejua ya kuwa hakuna jiwe? Au huyu wa tatu, mwenye kitabu juu ya kichwa na si ndani yake? Mchoraji hakutujibu, akatuacha tuhesabu wenyewe.

4. KITABU CHA ERASMUS

Katika mwaka wa 1509 Erasmus wa Rotterdam, mtaalamu aliyesifiwa kuliko wote wa siku zake, alitoka Italia akafika London, akakaa katika nyumba ya rafiki yake Thomas More. Huko aliandika kitabu kidogo kwa Kilatini, Sifa za Upumbavu, kilichopigwa chapa mara ya kwanza mjini Paris mwaka wa 1511. Jina lake ni mchezo wa maneno, kwa kuwa neno la Kiyunani lenye maana ya upumbavu lafanana na jina la More.

Katika kitabu hiki Upumbavu mwenyewe ndiye asemaye. Amevaa kama mwanamke, amesimama mbele ya mkutano kama mhubiri, naye ajisifu: Mimi ndimi niwafanyaye watu wafurahi, pasipo mimi nani angeoa, nani angezaa, nani angekwenda vitani? Kwanza awacheka wawindaji, na wacheza kamari, na wazee wanaojipaka rangi ili waonekane vijana. Kisha ageuka kuwatazama waalimu wa shule, na washairi, na waandishi wa vitabu, na wanasheria, na wataalamu wa dini, na watawa, na wafalme, na maaskofu. Kwa vyeo vitatu katika hivyo, Erasmus alikuwa anajichapa mwenyewe: alikuwa mwalimu wa lugha, mwandishi wa vitabu, na mtaalamu wa dini. Hata jina lake mwenyewe ametajwa nalo kwa mzaha.

Kitabu kiliwachoma wengi. Maarten van Dorp, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain, alimwandikia akimlaumu kwa kuwadhihaki wataalamu wa dini. Erasmus akamjibu katika mwaka wa 1515, akajitetea hasa kwa hili: hakumtaja mtu awaye yote kwa jina ili kumwaibisha, na yeye naye hakujiacha. Shabaha yake ilikuwa makosa, si watu. Yafaa tuliweke jibu hilo moyoni, maana twalihitaji karibuni.

Mwaka ule ule wa 1515 kitabu kilipigwa chapa tena mjini Basel, na nakala moja ilikuwa mali ya mwalimu wa shule aliyeitwa Myconius. Ndugu wawili, Ambrosius Holbein na Hans Holbein, wakachora kwa kalamu ya wino picha ndogo ndogo pembezoni mwa kurasa zake. Nakala hiyo ingaliko Basel hata leo. Moja ya picha hizo yamwonyesha Erasmus mwenyewe mezani pake anaandika. Na husimuliwa ya kuwa alipoiona alicheka, kwa jinsi alivyochorwa kijana na mzuri, akasema kama angekuwa hivyo angetafuta mke mara moja. Ya mwisho yamwonyesha Upumbavu akishuka mimbarini, hotuba imekwisha. Mtu anayeweza kucheka akiiona picha yake mwenyewe kati ya wapumbavu, huyo amekwisha kupanda ngazi ya kwanza ya hekima.

5. KICHEKO KINAPOGEUKA JIWE

Sasa twafika mahali penye uchungu, wala haifai kuparuka.

Katika mwaka wa 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kitabu chake maarufu juu ya kutengeneza mambo ya Kanisa. Mbele yake alitia barua kwa rafiki yake Nikolaus von Amsdorf, na humo alijitwalia vazi tulilolisoma. Alisema ya kuwa huenda yeye mtawa mnyonge aonekana ana kiburi kusema na wakuu. Basi na ahesabiwe kuwa mpumbavu wa baraza, ambaye huruhusiwa kusema kweli. Luther hapo alifuata njia ile ile ya Brant na ya Erasmus: aliyetaka kuwaonya wengine alijivika kofia kwanza.

Lakini ugomvi ulipokua, mambo yalibadilika. Thomas Murner, mtawa Mfransisko, aliyewahi kuandika vitabu vya wapumbavu akifuata mfano wa Brant, alitoa mjini Strasbourg katika mwaka wa 1522 kitabu cha kumpinga Luther, kikimwonyesha mpumbavu mkubwa wa Kilutheri, jitu lililojaa wapumbavu wadogo tumboni. Adui za Murner walikuwa wamelichezea jina lake, wakimwita paka na mpumbavu. Naye katika picha za kitabu chake alijichora akiwa mtawa mwenye kichwa cha paka. Kumbe hata katika hasira yake alikuwa bado amekumbuka kidogo sheria ya kioo! Baraza la mji liliamuru kitabu hicho kichukuliwe kisiuzwe.

Wala upande wa pili haukuwa na mikono safi. Katika mwaka wa 1523 Luther na Philipp Melanchthon walitoa kijitabu chenye picha mbili, papa aliye punda na mtawa aliye ndama. Na katika mwaka wa 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake Luther, zilitoka picha za kumtukana papa kutoka karakana ya Lucas Cranach, pamoja na mashairi ya Luther mwenyewe. Nazo ni chafu hata hatuwezi kuzieleza katika ukurasa huu. Tukiwa Walutheri, na tuliseme jambo hili bila kulifunika. Hapo hakuna kioo tena. Mchoraji hayumo katika picha yake, wala mtazamaji hayumo. Yumo adui tu. Na mtu aliyekwisha kuchorwa kuwa punda, ni nani atakayeketi naye kusemezana? Vita vya dini vilivyofuata katika nchi ya Ujerumani havikuletwa na picha peke yake. Lakini picha hizo ziliwazoeza watu kumwona ndugu kuwa mnyama.

Basi tazama tofauti. Dhihaka ni kama dawa kali. Anayeinywa kwanza yeye, kisha akampa mwenziwe, ni mganga. Anayempa mwenziwe tu, huyo ajua ya kuwa ni sumu.

6. PIETER BRUEGEL: MITHALI NA VIPOFU

Mchoraji wa mwisho katika somo letu ni Pieter Bruegel, aliyefariki mjini Brussels mwaka wa 1569. Aliishi siku za ugomvi huo, lakini alirudi katika njia ya kale.

Katika mwaka wa 1559 alichora picha iliyo sasa mjini Berlin, nayo yaonyesha kijiji kimoja, na ndani yake mithali zaidi ya mia za watu wa Uholanzi, kila moja ikifanywa na mtu au watu wawili. Mmoja agonga kichwa chake ukutani. Mmoja akata manyoya ya kondoo, na mwenziwe akata ya nguruwe, apata kelele tu. Mmoja atupa maua ya waridi mbele ya nguruwe. Wanawake wawili wasokota uzi pamoja, ndio mfano wa wenye kuendesha fitina. Mwingine achukua mwangaza wa jua kwa vikapu autoe nje. Na mmoja, kwa juhudi kubwa, akifukia kisima baada ya ndama kuzama. Naye twamjua sana, maana majuto ni mjukuu, hayaji kwanza. Itazame picha hiyo kwa muda mrefu, hutamwona mtu mwenye hekima aliyesimama kando akiwacheka wengine. Wote wana kazi, na kila mmoja ameinama juu ya upumbavu wake. Mahali pa mwenye kutazama kijiji chote ni pamoja tu, napo ni pale usimamapo wewe, mbele ya picha. Kabla hujajisifu kwa hilo, tafuta humo mithali iliyo yako.

Katika mwaka wa 1568, mwaka mmoja kabla ya kufa, alichora picha iliyo leo mjini Naples. Ni mfano wa Bwana ulioandikwa katika Mathayo, sura ya 15, kipofu amwongozaye kipofu. Watu sita wanakwenda kwa safu, kila mmoja ameshika bega au fimbo ya aliye mbele. Wa kwanza amekwisha kuanguka shimoni chali. Wa pili anaanguka, na uso wake umetugeukia sisi. Wa tatu amevutwa, wala hajajua kwa nini fimbo imeshuka. Wa nne, na wa tano, na wa sita wangali wanakwenda wakiwa na matumaini. Nyuma yao limesimama kanisa, ambalo limetambuliwa kuwa la kijiji cha Sint-Anna-Pede karibu na Brussels. Mnara wake umenyoka, wala hapana hata mmoja aliyeligeukia.

Katika picha hii hamna njuga wala kofia, na kicheko kimekoma. Bruegel aliyachora macho ya watu wale kwa uangalifu, hata waganga wa siku hizi wameweza kutaja magonjwa yaliyoyaharibu. Hakuwadhihaki vipofu. Aliwahurumia, akawatumia kuonyesha upofu mwingine usio wa macho. Tukumbuke ni nani waliosemwa katika mfano ule: si vipofu waombao njiani, bali waalimu wa watu. Hivyo mwisho wa safari twakutana na yule yule tuliyemwona mwanzo, mwenye miwani na vitabu, mbele katika merikebu. Upumbavu wa mtu mmoja wamwangusha mmoja. Upumbavu wa anayeongoza wawaangusha sita.

7. MWISHO WA SOMO

Ndugu zangu, tukikaa barazani jioni huzungumza habari za watu, nasi hucheka. Kucheka si dhambi. Lakini somo hili latupa kipimo cha kukipimia kicheko chetu. Nikisimulia upumbavu wa mwenzangu, je! mimi nimo katika hadithi, au nimesimama nje yake? Nikiwaonya wanafunzi wangu, au watoto wangu, je! nimekwisha kutaja njuga yangu mwenyewe? Wazee wetu walikwisha kuyasema yote kwa maneno machache: Nyani haoni kundule. Brant, na Erasmus, na Bruegel walifanya kazi ya kumpa nyani kioo.

Tena na tuwafikiri wale walio mbele ya safu: mzazi, mwalimu, mzee wa kanisa, mchungaji, na mwandishi wa ukurasa huu pia. Bega letu limeshikwa na wengine. Kama kunguru wanalia kesho, kesho, kesho juu ya dari yetu, hatutaanguka peke yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kuna tofauti gani kati ya mjinga, na mgonjwa wa akili, na mpumbavu? Kwa nini haifai kuwachanganya?

2. Kwa nini Brant alimweka mwenye vitabu kuwa mpumbavu wa kwanza?

3. Dhihaka ya Erasmus na picha za mwaka wa 1545 zatofautiana kwa jambo gani?

4. Katika picha ya vipofu sita, ni nani ambaye angeweza bado kuokoka, na angehitaji kufanya nini?

5. Swali la kujibiwa na kila mtu peke yake, wala si mbele ya wengine: Kama Brant angeandika leo sura moja juu yangu, angeiita nini?